Homa ya Saa Saba Mchana

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba ulifunge. Kama umeshindwa kulifunga, basi yaliyomo yabaki kwako. Usimsomee mtu, usilipige picha, usilitaje kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Zaidi ya wote asijue Mzee Clemensi, katibu wa parokia, mkuu wangu wa kazi. Naitwa Nanyokie, nyumbani ni Sale, na hapa njia ya Oldeani ni karani wa kumbukumbu katika ofisi ya parokia. Niko kwenye miezi mitatu ya majaribio inayoisha tarehe 31 Agosti. Nilichokifanya kimeandikwa ukurasa huu huu. Sikukifanya kwa ubaya.

Jumanne, 1 Julai

Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu karatasi haizimiki.

Kazi niliyopewa ni kupiga picha vitabu saba vya ubatizo vya zamani, ukurasa kwa ukurasa, na kuviingiza kwenye kompyuta kabla havijachukuliwa kwenda kutunzwa jimboni Jumamosi ya tarehe 30 Agosti. Vitano vinasomeka. Cha sita na cha saba vilinyeshewa paa lilipovuja, wino umefifia hadi kurasa nyingine zinaonekana kama chai ya maziwa. Hizo nazipiga picha sita sita kwa mwanga tofauti, halafu kompyuta inaziunganisha mpaka maandishi yajitokeze. Mashine ikiwa nzima, ukurasa mmoja unachukua dakika ishirini.

Mzee Clemensi alinikabidhi laptop kwa mikono miwili. Akasema, "Binti, fanya kazi yako, lakini humo ndani usiguse chochote." Akakataza pia neno la siri, eti mashine ya parokia haina siri. Siku ya tisa ikagoma kuwaka. Sikulala. Nikampigia Koinet, niliyesoma naye chuo Arusha, akaja Jumapili na flashi, akaiondoa Windows yote na kuweka mfumo mwingine, Linux. Mafaili ya Mzee tuliyatoa salama, hata hotuba zake za mahafali. Picha ya Bikira Maria iliyokuwa mbele niliirudisha palepale ili mtu akitazama asione tofauti.

Kwa hiyo nimegusa kila kitu.

Koinet aliniachia pia neno moja: sensors. Unafungua dirisha jeusi, unaliandika, mashine inakujibu ina joto kiasi gani. Akanionyesha na pa kutazamia kasi ya prosesa, ubongo wa mashine. Leo asubuhi nyuzi 44. Ikiwa kazini, nyuzi 73, kasi gigahetzi 2.7. Nje ukungu, siuoni hata mnara wa kengele.

Jumatano, 2 Julai

Nyuzi 74. Kasi 2.7. Baridi.

Ijumaa, 4 Julai

Nyuzi 76. Mzee alipita nyuma yangu nikiwa kwenye dirisha jeusi. Akasimama. Akauliza, "Hiyo nyeusi nyeusi imekufa?" Nikasema hapana Mzee, inapumzika. Akaenda zake taratibu, akageuka mara mbili.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, ofisi imefungwa. Nimefua.

Jumatano, 9 Julai

Leo niandike habari za Mama Cresensia, maana bila yeye ofisi hii ingekuwa ghala la karatasi. Anafagia, anapika chai, anatunza funguo, anajua nani amefiwa na nani amekosana na shemeji yake. Macho yake yameingia ukungu, yote mawili. Anatutambua kwa kukohoa na kwa viatu. Mimi alinishika uso siku ya kwanza, akasema, "Mmasai huyu amekonda. Kwenu kuna maziwa, umekondea wapi?"

Kila kitu hapa kina kitambaa alichofuma: redio, chupa ya chai, sanduku la sadaka, hata stepla. Vile vya zamani ni maua yenye matundu, vyepesi, unaona meza chini yake. Vya siku hizi anafuma kwa kuhesabu na vidole, vinatoka vizito bila tundu hata moja, kama blanketi la mtoto.

Mzee Clemensi, na ukali wake wote, humwamkia kila asubuhi: "Shikamoo dada." Naye hujibu bila kugeuka, "Marahaba, Clemensi." Nilimuuliza Mama wamepishana miaka mingapi.

"Huyu?" akasema. "Nimembeba mgongoni huyu. Kamasi zake nimezifuta kwa khanga hii."

"Khanga hiyo ni ya juzi, dada," Mzee akasema kutoka chumba cha jirani.

"Basi nyingine. Kamasi ni zilezile."

Lakini nilipobaki naye jikoni aliniambia jambo ambalo halina utani. Daktari wa macho amesema afanyiwe upasuaji mwaka huu, akichelewa zaidi hali itakuwa ngumu. Wazee wa miaka sitini wanatibiwa bure kwa kitambulisho cha wazee, ila kitambulisho chake cha taifa kimeandikwa amezaliwa 1974. Kijana wa kuandikisha alimtazama uso akaona hana makunyanzi, akakisia. Ili kurekebisha anatakiwa kuleta cheti cha ubatizo. Ubatizo wake umo kitabu cha saba, sehemu iliyolowa. Padre aliwahi kuutafuta kwa tochi akashindwa. Vitabu vikienda jimboni, ni barua, na foleni, na safari, na mtu asiyeona.

"Utanipata humo?" akaniuliza.

Nikasema nitampata. Sijui kwa nini nilisema kwa uhakika vile. Mimi si mtu wa uhakika.

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi nyuzi 75. Nimeanza kitabu cha sita. Saa sita na nusu niliacha kurasa nne zijichakate, nikaenda kula. Hapa saa ya chakula ni amri. Mzee hataki mtu abaki ofisini hadi saa nane. Niliporudi ulikuwa umetoka ukurasa mmoja na robo. Kasi 0.8. Nilipotazama joto, nyuzi 91, na ilikuwa inashuka.

Jumanne, 15 Julai

Hivyohivyo.

Alhamisi, 17 Julai

Hivyohivyo, 93. Mashine ikipata joto sana inajipunguzia mwendo isiungue. Hilo nalielewa. Nisichoelewa ni joto linatoka wapi. Leo Mama Cresensia alivaa masweta mawili na maji ya kunawa yalinichoma vidole kwa baridi.

Nadhani ni Linux. Nadhani nimeiharibu.

Jumatatu, 21 Julai

Niliporudi kutoka kula nikakuta imezimika. Kioo cheusi, nimejiona mwenyewe humo, mdomo wazi. Kurasa tatu zimepotea. Iliwaka tena baada ya robo saa. Mzee Clemensi aliniuliza mbona natetemeka. Nikasema malaria.

Jumanne, 22 Julai

Amenipeleka zahanati mwenyewe, kwa miguu, akinibebea mwavuli. Sina malaria. Nimeona haya hadi masikio.

Jumamosi, 26 Julai

Leo nimeiba laptop ya kanisa. Niliitia kwenye begi, nikaifunika na kitenge, nikaenda Karatu mjini kwa fundi Lemayian, mwenye kibanda karibu na stendi. Aliifungua, akapuliza feni kwa mashine. Vumbi jekundu likatoka la kujaza kikombe.

"Dada, hii ulikuwa unalimia?" akauliza.

Akapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto juu ya prosesa, akafunga. Tukaipa kazi nzito. Nyuzi 64. Kasi 2.8, haiyumbi. Nilitaka kumkumbatia. Niliirudisha mezani kabla ya misa ya jioni na hakuna aliyejua.

Jumatatu, 28 Julai

Asubuhi yote nyuzi 64, nikiimba. Saa nane mchana: nyuzi 94, kasi 0.6.

Siandiki zaidi leo.

Alhamisi, 31 Julai

Nimeandika amri fupi. Kila dakika mashine inajipima yenyewe, inaandika saa, joto na kasi kwenye faili, mstari mmoja chini ya mwingine. Mimi nikiwa sipo, itanisimulia.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimesoma siku tatu za mistari. Zinafanana kama mapacha. Saa sita na nusu, ninapotoka, 65. Saa sita na dakika arobaini, bado 65. Kuanzia hapo inapanda: 72, 80, 87, 92. Saa saba kamili, 96, na kasi imeanguka kutoka 2.8 hadi 0.4. Inakaa hivyo muda wote. Saa nane kasoro dakika tano inaanza kushuka ghafla, kana kwamba mtu amefungua dirisha. Saa nane naingia mimi.

Mashine iliyochoka haifuati saa ya chakula. Kuna mtu.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nilikula haraka na kurudi saa nane kasoro dakika tatu. Mzee Clemensi alikuwa anatoka chumba changu, miwani mkononi. Aliponiona akaanza kukohoa. Kipanya changu kilikuwa upande wa kushoto. Mzee anatumia kushoto.

Akaniambia, "Binti, hii mashine siku hizi... haijabadilika kidogo?"

Nikasema, "Haijabadilika, Mzee."

"Mm," akasema.

Basi anajua. Anajua na anaichokonoa kila siku ili iharibikie mikononi mwangu, aandike nimeshindwa majaribio. Ule mwavuli wa zahanati ulikuwa wa nini? Naandika wazi: ni mnafiki. Kanisani anashika kitabu cha masomo.

Alhamisi, 7 Agosti

Kitabu cha sita kimeisha. Kwenye kurasa za mwanzo za kitabu cha saba, zile zisizolowa, nimemkuta yeye mwenyewe: Clemensi, namba 118, amezaliwa 2 Februari 1960. Nimetamani kumchorea pembe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Nimeongea na yeyo kwa simu. Mama yangu hajui kompyuta ila anajua kuuliza.

"Mashine yako haijambo?"

"Ina homa, yeyo."

"Inakula?"

"Inakula umeme."

"Homa ya kutwa, au ina saa zake?"

"Mchana tu. Nikienda kula inapanda, nikirudi inashuka."

Nikasikia kengele za mbuzi nyuma yake. Kisha akasema, "Sasa Nanyokie, ndama wako akiugua mchana tu, unamuuliza ndama? Nenda katazame nani anamchunga mchana."

"Namjua, yeyo. Ninamwogopa."

"Umemwona kwa macho?"

 Lekoko, kaka yangu, akadakia simu akaomba nimtumie vocha.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyuzi 96 saa saba. Zimebaki kurasa 41 zilizolowa.

Jumatano, 13 Agosti

Imezimika tena. Zimebaki 38. Kwa mwendo huu sitazifikia. Mama Cresensia ameniletea kiazi cha kuchoma, akauliza, "Umenifikia?" Nikasema karibu. Akanipapasa mkono, akasema mikono yangu ni ya baridi kama miguu ya kuku, atanifumia glavu.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa Mbinguni. Kwaya imeimba vizuri. Mzee Clemensi amesoma somo la kwanza kwa sauti nzuri na sikumtazama.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeona kwa macho.

Leo saa sita na nusu nilitoka kama kawaida, nikazunguka nyuma ya tangi la maji, nikasimama pale dakika arobaini upepo ukinipiga vumbi machoni. Nilikuwa nimepanga maneno. "Mzee, kama hunitaki kazini, niambie." Nimeyarudia hadi yakaisha ladha. Saa saba na dakika kumi nikasukuma mlango.

Mzee Clemensi alikuwa ameketi kwenye kiti changu, miwani kwenye ncha ya pua, mkono wa kushoto kwenye kipanya. Kando yake Mama Cresensia ameinama, analiweka sawa sweta ambalo laptop yangu imekwisha kuvalishwa.

Ni sweta, siwezi kuliita jina lingine. La sufu, rangi ya kijani, nene, limefumwa kwa kipimo. Linafunika chini kote na pembeni kote, limeacha kioo na vitufe tu.

"Vuta huko kwako, Clemensi," alikuwa anasema. "Upande wako umebaki wazi."

"Nimevuta, dada. Linabana."

"Lazima libane. Lisipobana limefumwa na nani?"

Nikasema, "Mama, mnafanya nini?"

Mzee aliruka kitini. Mama Cresensia hakushtuka, aligeuza sikio. "Nanyokie? Mbona viatu vyako vimewahi? Hujala?"

"Nimeuliza, mama."

"Tunaifunika. Ukiondoka inapigwa baridi. Mimi nimeweka mkono hapa pembeni, mwanangu, joto lote linatoka nje bure, na inahema kama ndama wa Juni. Nikasema hii itakufa na kipupwe hiki, na mtoto wa watu atalaumiwa. Nikaanza na khanga. Mwezi wa saba katikati nikamaliza sweta. Kila siku namvalisha ukitoka, namvua kabla hujarudi lisikuzuie kuandika."

Nilikaa chini, kwenye sanduku la mishumaa. Nadhani nilicheka, maana Mama aliuliza kama nalia, na nadhani nililia, maana Mzee alinipa leso. Kisha nikafungua dirisha jeusi mbele yao, nikaandika sensors. Nyuzi 96. Kasi 0.4. Nikaomba ruhusa ya kulivua sweta. Mama akanisaidia, akilikunjua taratibu kama anavyomvua mtoto aliyelala. Nikamwomba Mzee amsomee namba, kwa kuwa yeye hazioni.

"Tisini na sita," Mzee akasoma. "Tisini. Themanini na tatu, dada. Sabini na sita. Sitini na tisa." Sauti ileile ya masomo ya Jumapili. "Na hii ya mwendo ilikuwa sifuri nukta nne. Sasa moja nukta tisa. Mbili nukta nane. Imesimama hapo."

Mama Cresensia akaweka kiganja kwenye matundu ya pembeni. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Kwa hiyo hapa ndipo pua yake."

"Ndiyo mama. Inatoa joto ili isiungue."

"Nami nimeiziba." Akalipapasa sweta. "Mwezi mzima nimeiziba pua, nayo inahangaika kutafuta jina langu."

 Mzee akamjibu, akitazama dirishani. "Ulikuwa hujui, dada. Hata mimi nilivuta upande wangu."

Basi kwa kuwa siku ilikuwa ya kusema, nikasema na langu. Nilisimama wima. Nikamwambia kwamba mashine iligoma, kwamba niliondoa kila kitu cha zamani, kwamba nimeweka mfumo mwingine bila ruhusa, na kwamba nilipeleka mali ya parokia Karatu ndani ya kitenge.

"Nilijua," Mzee akasema.

"La kitenge?"

"La kitenge sijui. La kubadilika. Nimejua tangu Juni."

"Umejuaje, Mzee, na picha niliirudisha?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama mlango. "Karata," akasema.

"Karata gani?"

"Zilikuwemo. Zile za kupanga, nyekundu na nyeusi. Nilikuwa napumzika nazo kidogo saa ya chakula. Siku moja nikafika sikuzikuta. Nimezitafuta miezi miwili. Sasa ningekuuliza vipi? Katibu wa parokia anauliza karani karata zake ziko wapi?"

"Clemensi," Mama Cresensia akasema polepole.

"Nacheza peke yangu, dada. Sichezi na mtu."

"Ndiyo maana unatufukuza wote twende kula."

Mzee akafuta miwani mara ya pili. Nimerudi kusoma niliyoandika tarehe 5, neno lile la mnafiki. Nimetaka kulikata, nimeliacha. Ni langu, nilibebe.

Jumatano, 20 Agosti

Nyuzi 63, mchana kutwa. Mama Cresensia amekuja na magunzi manne ya mahindi. Kasema kihenge hakikai chini, kinainuliwa upepo upite. Tumeweka gunzi moja kila kona, laptop juu yake. Nyuzi 59. Fundi Lemayian hakunifundisha hili.

Mzee nimemwekea karata. Zimo hata za aina ambazo hakuzijua.

Alhamisi, 21 Agosti

59. Kurasa tano. Zimebaki 26.

Ijumaa, 22 Agosti

60. Kurasa sita. Mzee amesema nibaki saa ya chakula nikitaka, yeye atacheza kwenye simu ya mwanawe. Nimebaki. Mama ameniletea makande hapahapa mezani, akiuliza kila dakika kumi, "Ngapi?" Namjibu. "Sitini." Anafagia kidogo. "Ngapi?"

Jumatatu, 25 Agosti

60. Zimebaki 12. Bado hayumo. Nimeanza kuogopa kitu kipya: labda hakuandikwa.

Jumanne, 26 Agosti

Ukurasa wa kwanza leo, hayumo. Wa pili, hayumo. Wa tatu una doa kubwa kama ramani, na kwa macho huoni hata mstari. Nikauanzisha saa nne na robo. Nyuzi 61, kasi 2.8. Nilikaa nikitazama zile namba mbili tu, nikiziombea zisiyumbe, kama anayemshikia mtu tochi. Saa tano kasoro dakika ishirini na tano picha ikafunguka. Kijivu. Nikaongeza giza. Mistari ikatoka kwanza, kisha herufi ndefu, kisha zile fupi. Namba 203.

Nikamwita. Alikuja na ufagio.

"Nikusomee, mama?"

"Soma."

"Cresensia. Binti wa Ngaida na Hhawu. Amezaliwa tarehe 14 Novemba 1961. Amebatizwa tarehe 24 Desemba mwaka huohuo. Mama wa ubatizo, Brigita."

Akaegemea ufagio. "Brigita," akasema. "Alikuwa ananipa asali." Kisha akanigeuzia mgongo, na mimi nikajifanya naipima mashine joto.

Mzee Clemensi alikuwa mlangoni. Alihesabu kwa vidole, nikamwona. Miaka sitini na mitatu; inatosha, inazidi. Akahesabu tena, kwa mkono mwingine, na uso wake ukabadilika.

"Sitini na moja," akasema.

"Sitini na moja nini?" Mama akauliza.

"Umezaliwa sitini na moja. Mwezi wa kumi na moja."

"Ndivyo alivyosoma mtoto."

"Mimi ni sitini. Mwezi wa pili."

 Mzee akaja hadi kwenye kioo, akaisoma tarehe mwenyewe.

"Dada," Mzee akasema, "ulinibeba mgongoni ukiwa wapi?"

Mama Cresensia alinyoosha khanga yake kiunoni. "Kitabu kimelowa hicho," akasema. "Huenda na tarehe zimelowa." Akarudi kufagia, ila alifagia palepale mara nne.

Jumatano, 27 Agosti

Nilifika mapema makusudi. Mama alikuwa anawasha jiko. Mzee Clemensi akaingia, akasimama kizingitini, kofia mkononi. Yeye akasubiri. Mama naye akasubiri, mgongo umemwelekea. Nilihesabu pumzi zangu tano.

"Shikamoo dada," Mzee akasema.

"Marahaba, Clemensi."

Akavua koti akakaa. Lakini chai ilipochemka, Mama alimmiminia yeye kwanza, kabla yangu, kabla hata ya Padre, na akamwekea sukari mwenyewe. Tangu nimefika hapa chai ya Mzee humiminwa mwisho.

Ijumaa, 29 Agosti

Kurasa zote zimeisha jana jioni. Padre ameulinganisha ukurasa wenye namba 203 kwenye kioo na kitabu chenyewe kwa lenzi, akaridhika, akatia sahihi na mhuri kwenye cheti. Mzee amemsindikiza Mama Karatu kupeleka maombi ya kurekebisha mwaka. Wamerudi wakibishana ni nani aliyekosea njia. Ofisi ya vitambulisho imemwandikia barua ya muda, na hospitali imempa tarehe: 15 Septemba, jicho la kulia kwanza.

Nyuzi 45. Haina kazi leo, imepumzika.

Jumamosi, 30 Agosti

Vitabu vimeondoka na gari la jimbo, vimefungwa kwenye mablanketi. Mama Cresensia alivigusa vyote saba kabla havijapandishwa garini. Hivi vina haki ya kufunikwa, akasema.

Jumapili, 31 Agosti

Baada ya misa Mzee amenipa barua. Nimethibitishwa kazini. Chini, kwa kalamu yake, ameongeza: "Aendelee kupima joto."

Nimeuliza kama naweza kulichukua lile sweta. Mama akasema la nini tena, limeshaua watu. Nimelichukua. Nimelizungusha mara mbili, limetosha sawasawa kwenye chupa ya chai chumbani kwangu, na chai inakaa ya moto hadi asubuhi.

Daftari limeisha. Wewe uliyeliokota, ukitaka kunirudishia, fanya hivi. Kutoka Karatu mjini chukua bodaboda njia ya Oldeani, mwambie akushushe kwenye mnara wa kengele. Mlango wa kijani, chumba cha pili. Utanijua kwa mashine iliyokaa juu ya magunzi. Usije kati ya saa sita na nusu na saa nane, wakati huo Mzee yuko na karata zake na tumekubaliana kutomwona. Ukikuta sipo, liache kwa Mama Cresensia, ila lifunge kwa gazeti na kamba, mafundo mawili, kwa sababu kuanzia katikati ya Septemba atakuwa anaona.

Na kama ni wewe, mama, umekwishafungua mafundo na unasoma kwa jicho lako jipya, usibishe hodi. Ingia tu. Chai ipo ndani ya sweta.